Akina Emory wa "Them" na kifungu cha ubaguzi kwenye hati ya nyumba
Katika "Them", tamthilia ya kutisha ya televisheni, akina Emory, familia ya watu weusi, wananunua nyumba Compton, karibu na Los Angeles, mwaka 1953. Je, sheria iliwaruhusu? Ndiyo, kununua nyumba hiyo kulikuwa halali kwao, hata kama hati ilikuwa na kifungu cha kuwazuia watu weusi. Tangu 1948, katika kesi ya Shelley na Kraemer, Mahakama ya Juu ya Marekani ilizikataza mahakama kutekeleza vifungu hivyo. Majirani weupe walibakiwa na njia ya kumdai fidia mweupe mwenzao aliyemuuzia mtu mweusi, nayo ikazibwa Juni 1953 na kesi ya Barrows na Jackson, iliyotoka Los Angeles kwenyewe. Ila kifungu chenyewe kiliendelea kuandikwa, kikiwa kibogoyo, na ubaguzi wa makazi ulipigwa marufuku nchi nzima 1968 tu. Ndiyo maana wale majirani wa kwenye tamthilia wanatumia vitisho, si wakili.