Anza na gari dogo, si lori

Umeuliza mtu aanzie wapi kwenye Brick Rigs, mchezo wa kompyuta wa kujenga magari kwa vipande vidogo na kuyaendesha, kwa sababu kila ukiingia kucheza na wenzako gari lako linasambaratika dakika ya kwanza. Kaka, usiingie huko bado. Cheza peke yako kwanza, siku mbili tatu.

Jenga kigari cha magurudumu manne: kiti cha dereva, injini na ekseli mbili, yaani vyuma vinavyoshika magurudumu. Weka vitu vizito chini kabisa na upanue nafasi kati ya magurudumu. Sisi wa Kisumu tunalijua hili kwa macho: tuktuk ikikata kona kwa kasi pale Kondele, abiria wote wanajishikilia. Ndiyo maana nakuomba uache magurudumu matatu kwa sasa.

Halafu ligonge ukutani makusudi, mara nyingi. Angalia kipande gani kinang'oka kwanza. Mara nyingi utakuta umepanga vipande vikakutana mstari mmoja, na hapo ndipo gari linapokatikia. Vipishanishe jinsi fundi anavyopishanisha matofali ya nyumba, kila kimoja kishike viwili vya chini yake. Mimi hili lilinichukua wiki nzima kuling'amua, na natamani mtu angeniambia mapema.

Kwenye Steam Workshop, ukurasa wa duka la michezo la Steam ambapo wachezaji hushirikishana kazi zao, kuna magari ya wengine, bure. Pakua moja, lifungue kwenye kijenzi, yaani sehemu ya mchezo ya kujengea magari, uone ekseli zimekaaje.

Ukiingia mtandaoni, leta gari lenye vipande vichache. Lori la vipande maelfu litaikwamisha kompyuta yako na za wenzako.