Jibu la msomaji: Mtu wangu ningempeleka Madurai

Swali lenu la wiki hii lilikuwa, ukiambiwa umpeleke mtu umpendaye kwenye mji mmoja tu wa kale nje ya Afrika utampeleka wapi na kwa nini. Mimi ni Madurai, kusini kabisa mwa India, jimbo la Tamil Nadu. Najua wengi mtataja Taj Mahal na siwapingi, ni pazuri mno, lakini lile ni kaburi, unafika unalitazama unapiga picha unaondoka. Madurai mwenye mji yupo, mungu wa kike anaitwa Meenakshi, na kila siku ya Mungu anaamshwa, anavishwa, anapelekewa chakula na usiku analazwa, na mji mzima unafuata ratiba yake.

Nilisoma Tamil Nadu na wenzangu kadhaa chuoni walikuwa wenyeji wa Madurai, likizo wakawa wananichukua kwao, kwa hiyo ninayoyasema ni ya kuona kwa macho pamoja na ya kusimuliwa na mama zao jikoni.

Hekalu lile ni la wawili, mke na mume, ila mke ndo mwenye nyumba. Wanasimulia kwamba Meenakshi alizaliwa kwenye ukoo wa wafalme wa Pandya, akalelewa kama mrithi, akakalia kiti, akaongoza jeshi vitani mpaka akakutana na Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Kihindu, ndo akampenda wakaoana, na bwana akahamia kwa mkewe. Pale mume anaitwa Sundareswarar. Waumini wanaanza kwa mke kwanza halafu ndo wanakwenda kwa mume, na Watamil wana utani wao, wakitaka kujua nyumbani kwako nani mwenye kauli wanakuuliza kwenu ni Madurai au Chidambaram, maana Chidambaram ni mji mwingine wa mahekalu ambako Shiva ndiye mkubwa.

Sasa ramani ya mji wenyewe. Hekalu liko katikati, barabara zinalizunguka kwa miraba, mraba ndani ya mraba, na zinaitwa kwa majina ya miezi ya Kitamil, Aadi, Chithirai, Avani, Masi, kwa sababu ya maandamano ya sikukuu yanayozunguka na miungu. Ukipotea we tazama juu tu. Minara ya malango iko 14 na ule wa kusini una kama mita 52, umejaa masanamu ya miungu, mashetani, wanyama, walinzi wenye macho ya kutoka nje, yote yamepakwa rangi kali, buluu, waridi, kijani. Kuna wageni wanasema rangi zile zimezidi, mimi sikubaliani nao hata kidogo, hekalu linaloabudiwa linapakwa upya kila baada ya miaka kadhaa kwa ibada maalum, wanaotaka mawe yaliyofifia waende kwenye magofu.

Mji ni wa kale sana, ila majengo mengi unayoyaona leo ni ya karne ya 16 na 17, manake mwaka 1311 jeshi la Malik Kafur kutoka Delhi lilifika likapora, baadaye ukawepo usultani mpaka kwenye miaka ya 1370 hivi, ndo Vijayanagara, dola la Kihindu la kusini, wakauchukua, na watawala wa Nayak waliokuja baadaye wakajenga kwelikweli, hasa Tirumala Nayak aliyetawala 1623 hadi 1659. Ukumbi unaoitwa wa nguzo elfu una nguzo 985, na kila nguzo imechongwa.

Lakini ukiniuliza cha kuona ni kimoja tu, nenda usiku, kwenye saa tatu hivi, kabla hawajafunga. Makuhani wanatoka kwa Sundareswarar na machela ya fedha, ndani mna nyayo zake, mbele zumari ndefu na ngoma, moshi wa ubani umejaa korido lote, watu wanakimbilia kugusa machela. Wanafika mlangoni kwa mkewe, wanasimama, wanampepea, wanaimba, halafu wanamwingiza chumbani kwa Meenakshi alale, asubuhi arudishwe kwake. Kila usiku. Asiye Mhindu haruhusiwi kuingia ndani kabisa walipo wenyewe, ila kwenye korido unaruhusiwa kusimama na hilo unaliona vizuri tu.

Na jambo la mlango lisisahaulike. Mpaka 1939 hata Wahindu wa matabaka yaliyohesabiwa najisi walikuwa hawaingii mle. Tarehe 8 Julai mwaka huo wakili mmoja Mbrahmani, yaani wa tabaka la juu kabisa, A. Vaidyanatha Iyer, akaingia nao, zogo likawa kubwa. Gandhi alikuwa amekataa kuingia maadamu wengine wanazuiwa, akaja kuingia 1946. Kwangu mimi hiyo ni sehemu ya urithi wa pale sawasawa na nguzo, na waongozaji wa wageni wangekuwa wanaanza nayo.

Ukiweza kwenda Aprili au Mei kuna Chithirai, sikukuu ya harusi yao. Siku ya ndoa wanawake walioolewa wanabadilisha uzi wa ndoa shingoni. Kaka wa bibi harusi, Alagar, anatoka hekalu lake la mlimani kama kilomita 20 kuja kuozesha, anasikia wameshaoana, anakasirika, hafiki kwenye harusi anaishia mto Vaigai. Anaingia mtoni juu ya farasi wa dhahabu, malaki ya watu wanamsubiri, na wote wanakodolea rangi ya hariri aliyovaa, ikiwa kijani basi mwaka huo mavuno yatakuwa mazuri. Joto la miezi hiyo ni kali lakini, mkichukua wazee nendeni Januari.

Dada zetu wa pwani watapapenda zaidi, asumini ya Madurai inasifika India nzima, wanawake wanaisuka barabarani huku wanapiga soga na wanakupimia kwa mkono, kiwiko mpaka ncha ya kidole, unaifunga kwenye nywele hapohapo.

Kufika, ruka mpaka Chennai halafu panda treni ya usiku, unaamkia Madurai. Hekaluni simu na viatu unaviacha nje, vaa nguo ya kufunika miguu na mabega, na mchana wanafunga masaa kadhaa, kwa hiyo nenda alfajiri, katikati ya siku kanywe jigarthanda, maziwa ya baridi yenye sharubati na aiskrimu, jioni urudi usubiri ile machela.