Tiketi Zihesabiwe Getini

SWALI: Tunaandaa taarabu ya usiku kwenye uwanja wa shule hapa Tanga. Una ukuta pande zote na mageti mawili, kila moja mita 3. Tumechapisha tiketi 3,000 maana uwanja ni mkubwa, na mabaunsa tunao. Likitokea la kutokea tufanyeje?
– Mwandaaji, Tanga

JIBU: Tiketi hazipimwi kwa uwanja, zinapimwa kwa mageti. Palipo tambarare, kila mita ya upana wa geti hupitisha watu wasiozidi 82 kwa dakika, na kwenye uwanja wa wazi lengo liwe kuwatoa wote ndani ya dakika 8. Sasa chukulieni geti moja halipitiki: moto umewaka upande huo, au lori la vyombo limeziba. Lililobaki hutoa 3 × 82 × 8, yaani watu 1,968. Basi tiketi zisizidi 1,900, wasanii na wauza soda nao wamo. Mkitaka 3,000, shule iwaruhusu kufungua njia ya tatu ukutani, si chini ya mita 2.

Mageti yafunguke kwa nje, bila kufuli hadi mtu wa mwisho atoke. Meza ya kukagulia tiketi iondolewe watu wakishaingia. Wengi huisahau, nayo hula nusu ya njia.

Hatari kubwa iko mbele ya jukwaa. Wanaokufa kwenye msongamano wengi hufa wamesimama, kifua kimebanwa hakiwezi kutanuka. Watu wakifika 5 kwa mita ya mraba, au mkiona umati unayumba kama wimbi, simamisheni. Msirushe zawadi kamwe: Moshi, Februari 2020, watu 20 walifariki umati ulipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako.

Mteueni mtu mmoja wa kusimamisha onyesho bila kumuuliza bosi. Muziki ukatwe, taa zote ziwake, mwimbaji mwenyewe aseme: “Mlio nyuma kabisa, rudini hatua tatu.” Semeni na wa nyuma, wa mbele hawana pa kwenda. Jenereta msiizime, giza na maikrofoni iliyokufa ndivyo vinavyozua mbio. Wekeni kipaza sauti cha betri jukwaani.

Waliobanwa watolewe kwa mbele, upande wa jukwaa. Asiyepumua akandamizwe kifua papo hapo, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mwingine akipiga 114 Zimamoto. Waiteni Zimamoto waukague uwanja kabla hamjauza tiketi nyingine.