Protini isiyofanya kitu inaamrishaje chembe sahani?

SWALI: Assalaam alaykum daktari, na shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa maabara, nipo mazoezini Chake Chake. Kitabuni nimekutana na protini zinazoitwa adapta, kama LAT na SLP-76. Wanasema si vimeng'enya, zenyewe hazibadilishi kitu. Ukurasa wa pili wanasema panya asiye na SLP-76 hana seli T za kinga, na chembe sahani zake, zile zinazoziba jeraha, haziitiki kolajeni. Nimezifananisha na mshenga, lakini sijaridhika. Kitu kisichofanya kitu kinapataje amri? Mbona protini moja iko kwenye seli mbili zenye kazi mbalimbali? Na aspirini, ndipo inapopiga hapo?

JIBU: Waalaykumu salaam, marahaba mwanangu. Una haki ya kutoridhika na mshenga. Mshenga huchukua maneno ya upande huu akayafikisha upande ule, kisha akarudi na jibu. SLP-76 haichukui neno la mtu. Mimi ningeifananisha na sinia. Ukienda kwenye maulidi, jamvi hutandikwa, sinia la pilau likatuliwa juu yake, watu wanne au watano wakalizunguka goti kwa goti. Sinia halipiki wala halitafuni. Liondoe sasa, uone kama watu wale watabaki wamekaa vile.

Nianze na chembe sahani, kwa kuwa ndiyo yenye haraka. Mshipa ukichanika, kolajeni, protini ya nyuzi iliyokuwa imejificha chini ya ukuta wake, inakutana na damu. Chembe sahani inaishika kwa kipokezi kiitwacho GPVI. Kwa ndani, vimeng'enya Lyn na Fyn vinabandika fosfati kwenye mkia wa protini inayoandamana na kipokezi hicho. Kimeng'enya Syk kinakuja kukaa kwenye fosfati hizo, kinaamka, nacho kinabandika fosfati kwenye tairosini (aina ya asidi amino) za LAT na za SLP-76. Mpaka hapo waliofanya kazi ni vimeng'enya, na kama hadithi ingeishia hapo ungekuwa na haki ya kuuliza adapta zinatakiwa za nini.

LAT imechomekwa kwenye utando wa seli. Hiyo ndiyo jamvi. SLP-76 inaelea ndani, kwenye majimaji ya seli. Katika seli T, anayelibeba sinia na kulitua jamvini ni adapta ya tatu, Gads. Mkono wake mmoja umeishika SLP-76 muda wote. Mkono wa pili, ambao wataalamu wanauita SH2, unashika tairosini za LAT, lakini zile tu zilizokwisha kubandikwa fosfati. Tairosini tupu haushiki. Hilo ndilo jambo la kulitia akilini kuliko majina yote haya: jamvi halitandikwi mpaka kipokezi kiguswe, na likishatandikwa sinia linajua pa kutua.

Hebu tulitazame sinia lenyewe. Upande wa mwanzo wa SLP-76 ya binadamu kuna tairosini tatu zinazotajwa sana, namba 113, 128 na 145. Mbili za mwanzo zikipata fosfati zinawakalisha protini Vav na Nck, wanaoshughulikia nyuzi zinazoipa seli umbo lake. Ya 145 ni ya vimeng'enya vya jamii ya Tec, kama Itk wa seli T. Katikati pana sehemu yenye prolini nyingi, nayo ni asidi amino, hapo inashika Gads na kimeng'enya PLC gama. Mwisho wake ina SH2 yake mwenyewe, ambayo mgeni wake mmojawapo ni adapta nyingine, ADAP.

Sasa mtazame huyu PLC gama, maana ndiye mlaji. Chakula chake ni PIP2, mafuta yaliyomo ndani ya utando. Akiwa anaelea peke yake kwenye majimaji hakifikii, na hata akikifikia bado anahitaji kubandikwa fosfati na kimeng'enya cha jamii ya Tec (katika chembe sahani khasa ni Btk) ndipo afanye kazi sawasawa. Juu ya sinia, mwenye kumwamsha yuko ubavuni pake na chakula kiko chini ya mkono wake. Anaikata PIP2 vipande viwili: IP3, inayofungulia kalsiamu iliyowekwa akiba ndani ya seli, na DAG, inayobaki kwenye utando ikaamsha kimeng'enya PKC. Kwa hiyo amri ya adapta ni kuamua nani akae na nani, wapi, na kwa muda gani. Kemia wanaifanya wengine.

Muda nao una mwenye kuukata. Katika seli T kuna kimeng'enya HPK1, ambacho nacho hukaribishwa kwenye sinia hilo hilo. Kikishaamka kinabandika fosfati kwenye serini, asidi amino nyingine, namba 376 ya SLP-76. Hapo inakuja protini 14-3-3, ikaishika, na SLP-76 inajitenga na LAT. Yaani mgeni aliyekula ndiye anayeondoa sinia! Jambo hili napenda kulirudia darasani, maana wanafunzi wengi hudhani kazi ya adapta ni kuwasha tu.

Swali lako la pili ni jepesi kidogo. Mtambo ni karibu ule ule, tofauti iko kwenye mwanzo na mwisho wake. Seli T inaanza na kipokezi kinachotambua kipande cha antijeni. Mahali pa Syk anakaa ZAP-70, na PLC ni gama 1, si gama 2 ya chembe sahani. Kalsiamu ikipanda, ujumbe unaingia kwenye kiini cha seli na jeni zinafunguliwa, ikiwemo ya IL-2, protini inayozihimiza seli T kuongezeka. Hiyo ni kazi ya saa kadhaa. Chembe sahani haina kiini, haina jeni za kufungua. Kwake kalsiamu ile ile ndani ya sekunde inabadili umbo, inamwaga vifuko, na inafungua integrini, mkono wa kushikia ulioko juu ya ngozi yake, ili ishike faibrinojeni, protini ya damu, na kuungana na wenzake.

Kuhusu panya wako, kitabu kimekupa nusu ya habari. Panya hao walielezwa mwaka 1998, na wengi walikuwa wakivuja damu wakingali tumboni au mara tu baada ya kuzaliwa. Dhana ya haraka ilikuwa chembe sahani hazigandi. Mwaka 2003 ikaonekana kuna jambo jingine: mishipa ya damu na mishipa ya limfu ilikuwa haikutengana, damu ikaingia kwenye limfu. Baadaye ikafahamika kuwa chembe sahani zina kipokezi CLEC-2 kinachogusa protini podoplanini ya mishipa ya limfu, na ishara yake inapita kwa SLP-76. Kwa binadamu, upungufu wa kuzaliwa wa SLP-76 ulielezwa mwaka 2021: kinga dhaifu mno, na kasoro kwenye nyutrofili (aina ya seli nyeupe za damu) na chembe sahani pia.

Aspirini haipigi hapo. Inakifunga kimeng'enya COX-1, chembe sahani ikashindwa kutengeneza thromboksani, kemikali ya kuwaamsha wenzake, na kwa kuwa haina kiini cha kuitengenezea kimeng'enya kipya, inabaki hivyo kwa maisha yake yote, siku 7 mpaka 10. Dawa inayogusa njia yetu ni ibrutinib, ya saratani za seli B. Imelengwa kwa Btk ya seli B, lakini Btk iko pia kwenye chembe sahani, ndiyo maana baadhi ya watumiaji wanapata michubuko.

Mwisho wa njia hii unaweza kuuona hapo hapo ulipo, bila mashine. Choma kidole, tone la damu lisilo na dawa ya kuzuia kuganda lipake kwenye slaidi. Slaidi ya pili ipake kwa damu ya chupa ya kifuniko cha zambarau, yenye EDTA, dawa ya kuzuia kuganda. Zitie rangi ya Giemsa ile ile ya malaria, utazame kwa lensi ya mafuta. Kwenye ya kwanza utaona vikundi vya vidoa vya zambarau vimeshikana. Kwenye ya pili kila kidoa kiko peke yake, maana EDTA imeifunga kalsiamu ya nje ambayo integrini inaihitaji ili ishike faibrinojeni. Usiichanganye na kalsiamu ya ndani tuliyoisema juu. Na ukikuta slaidi ya kidole nayo imetawanyika moja moja, usikimbilie kuishutumu SLP-76. Kwanza hakikisha hukubadilisha slaidi. Kama hukubadilisha, mwambie msimamizi wako, kwa kuwa wako watu wanaozaliwa na integrini mbovu, ugonjwa wa Glanzmann, ambao kwao jamvi, sinia na walaji wote wako sawa, ila mkono wa kumshika jirani haupo.