Spika za studio sebuleni? Ndiyo, ila kaa karibu nazo

Ndugu yangu wa Ntinda, umeuliza kama spika za studio zinafaa kusikilizia muziki tu nyumbani, bila kurekodi chochote. Zinafaa, tena sana. Nina mbili za inchi 5 hapa Entebbe, na nikipiga kadongo kamu, ule muziki wa gitaa wa Uganda, nasikia hata vidole vya mpiga gitaa vikiteleza kwenye nyuzi. Wanaosema ni za mafundi peke yao wakumbuke kwamba Yamaha NS-10, iliyojaa studio duniani kote, ilitoka mwaka 1978 ikiwa spika ya nyumbani.

Nyingi zina amplifaya ndani, kwa hiyo hununui nyingine. Ila kila moja inataka soketi yake ya umeme, na kitufe cha sauti mara nyingi kiko nyuma. Pata miksa ndogo ya kuongezea na kupunguzia sauti ukae nayo mezani, utashukuru. Umeme wetu unavyopanda na kushuka, stabilaiza usiikose.

Jambo kubwa ni mahali pa kuziweka. Nyingi zimetengenezwa kwa mtu aliye karibu: wewe na spika mbili mfanye pembetatu ya mita 1 hadi 1.5 kila upande, twita (zile spika ndogo za sauti nyembamba) zilingane na masikio. Usizibane kwenye kona, besi itavuma hadi ikuchoshe. Sakafu ya saruji isiyo na kitu inarudisha mwangwi, tandika zulia kwanza.

Kama unataka kuwachezesha wageni ukumbi mzima, hapo tafuta spika kubwa za kawaida.