Aliyefika Uhuru na mapito ya Mont Blanc

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimehitimu shahada ya uzamili nchini Ujerumani mwaka huu, na wiki ya mwisho ya Juni mimi na wenzangu wawili tunakusudia kubeba mabegi mgongoni tuuzunguke mlima Mont Blanc kwa miguu kwa siku 7. Mwaka 2022 nilifika kilele cha Uhuru kwa njia ya Machame bila tatizo lolote. Kwa kuwa Mont Blanc tunauzunguka tu, na mapito yake, yaani sehemu za kuvukia kati ya vilele, hayafiki hata mita 2,700, je, bado ninahitaji kumeza Diamox, ile dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko? Na raba za kukimbilia zitatosha? Nimeona wengi mtandaoni wakizivaa huko wakati wa kiangazi.

JIBU: Marahaba. Kuhusu Diamox, hapana. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kuwasumbua watu wanaolala juu ya mita 2,500 hivi, nanyi mtavuka mapito ya kimo hicho mchana na kushuka kulala chini yake. Dawa hiyo hutolewa na daktari, si na rafiki aliyebakiza vidonge vya safari ya Kilimanjaro, kwa sababu wapo ambao miili yao haipatani na dawa za jamii ya salfa. Siku mtakayoamua kupanda gari linaloning'inia kwenye nyaya kutoka mji wa Chamonix, mita 1,035, hadi kilele cha Aiguille du Midi, mita 3,842, huenda mkapata kizunguzungu kidogo. Tembeeni polepole, na kikizidi shukeni.

Kilichonifanya nikujibu kwa kirefu ni lile neno lako "tu". Kila mwaka, kuanzia Mei, napokea barua za vijana wa kwetu waliomaliza masomo Ulaya, na karibu kila barua hupima hatari ya mlima kwa mita za kilele chake: Kilimanjaro ni mita 5,895, mapito ya Mont Blanc hayafiki nusu ya hapo, kwa hiyo mtu aliyekwisha fika Uhuru anakwenda kutembea bustanini. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama kinachoumiza watu milimani kingekuwa upungufu wa hewa peke yake. Kwenye njia za kawaida za Alps, safu ya milima ulimo Mont Blanc, watu huumia zaidi kwa kuteleza na kuanguka, na mara nyingi ni wakati wa kuteremka, magoti yakiwa yamechoka na akili imekwisha tangulia kwenye chakula cha jioni.

Tena jiulize, Machame ulipanda na nani? Kwa kanuni za hifadhi hukuruhusiwa kwenda bila kiongozi. Alikuwapo mtu wa mbele aliyekuamuru utembee pole pole hata ulipojisikia una nguvu, alikuwapo mpishi, na walikuwapo wagumu waliobeba hema, maji na begi lako kubwa huku wewe ukibeba koti la mvua na chupa. Kwenye ukuta wa Barranco huenda kuna aliyekuonyesha pa kuweka mguu. Sisemi hivyo kukudharau, maana kufika Uhuru ni kazi. Ila maamuzi ya safari ile yalifanywa na watu wengine, nawe hukuwaona wakiyafanya. Kuzunguka Mont Blanc ni kilomita 170 hivi kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi, zenye jumla ya karibu mita 10,000 za kupanda na nyingine kama hizo za kushuka, na hapo mgumu ni wewe, mpishi ni wewe, na kiongozi wa kusema leo turudi ni wewe pia. Wengi huchukua siku 10 au 11. Ninyi mmejipa siku 7, na mtu aliyejibana kwa siku ndiye anayevuka pale ambapo angepaswa kugeuka.

Sasa raba. Mwishoni mwa Juni, upande wa kaskazini wa mapito kama Col du Bonhomme, mita 2,329, na zaidi Col des Fours, mita 2,665, mara nyingi bado kuna theluji ya majira ya baridi iliyolala juu ya njia. Saa moja asubuhi theluji hiyo imeganda kama sakafu ya saruji. Ukikanyaga kwa soli laini, ukingo wa kiatu hauchimbi kitu, unaacha alama kama ya kucha, na mguu ukichomoka kwenye mteremko mkali unashuka kwa kasi inayoongezeka mpaka kwenye mawe yaliyo chini. Fimbo za kutembelea hazimsimamishi mtu hapo. Mchana theluji inalainika, mnadhani mambo yametengemaa, kumbe kando ya mawe imekuwa tupu ndani: mguu unazama hadi pajani, na ukitulia unasikia maji yakipita chini yako. Raba hufaa njia ikiwa kavu, na wale uliowaona mtandaoni huenda walipita Agosti.

Utaniuliza kwa nini msingoje tu theluji ilainike ndipo mvuke. Kwa sababu ya radi. Siku za joto, mawingu ya Alps hujijenga tangu adhuhuri, na alasiri radi hupiga kwenye migongo ya milima, kwa hiyo kanuni ya kule ni kuondoka alfajiri na kuwa mmeshavuka pito kabla ya saa sita au saa saba mchana. Mwanzoni mwa msimu kanuni hizi mbili zinagombana, na hakuna kiatu wala kidonge kinachozipatanisha. Kinachozipatanisha ni kuahirisha safari hadi katikati ya Julai. Kati ya Tré-le-Champ na Lac Blanc kuna ngazi za chuma zilizofungwa kwenye mwamba, na sitaki kumfikiria mtu aliyezishika kwa mikono yote miwili huku ngurumo zikikaribia. Mkiona umeme, hesabuni sekunde mpaka ngurumo isikike. Zikiwa chini ya 30, mmekwisha kuwa hatarini na mnatakiwa kuwa mnashuka.

Hapa lazima niwaseme walimu wa mtandaoni, maana wananichosha. Mtu amepita njia mara moja, siku ya jua, akiwa amebebewa mzigo na kampuni inayohamisha mabegi kwa gari, kisha anauza mpango wa safari na ramani ya kupakia kwenye simu akisema hata mtoto anaweza. Ramani hiyo inakuonyesha Fenêtre d'Arpette, mita 2,665, kuwa ni njia ya mkato kutoka kijiji cha Champex kwenda kijiji cha Trient, kwa kuwa inapima umbali. Haikuonyeshi mawe makubwa kama magari ambayo mtayavuka kwa mikono na miguu, wala mwinuko mkali wa upande wa pili, wala kwamba njia ndefu ya Bovine huwafikisha wengi mapema zaidi. Yuko na mwingine anayeuza vyuma vya meno vya kufunga chini ya viatu akidai kwamba ukivivaa theluji imekwisha kuwa salama, ilhali asiyefundishwa kuvitumia hujikwaa navyo kwenye suruali yake mwenyewe. Nimewahi kukutana na kijana amevivaa kinyume, meno yakitazama nyuma, na alikuwa amekwisha lipia kila alichoambiwa alipie.

Kwa hiyo sogezeni safari, ongezeni siku, mabegi yasizidi kilo 10, na mhakikishe bima yenu inalipia helikopta, kwani Uswisi gharama za uokoaji humwangukia aliyeokolewa. Namba ya dharura ni 112 katika nchi zote tatu. Simu isiposhika, ishara ya Alps ya kuomba msaada ni mluzi au tochi mara 6 kwa dakika, pumziko la dakika moja, kisha rudieni. Anayejibu hujibu mara 3. Kabla ya kuondoka Chamonix piteni Office de Haute Montagne mwulize hali ya mapito kwa siku ile, na kila jioni mwulizeni mtunzaji wa kibanda mlicholala. Wakiwaambia Col des Fours bado ina theluji, teremkeni kutoka Croix du Bonhomme hadi kijiji kidogo cha Les Chapieux kwa njia ya kawaida. Wakati wa kiangazi kuna basi dogo linalowasogeza hadi Ville des Glaciers, na hamtakuwa mmekosa chochote.