Milango iliyo wazi kwenye Linux

Ndugu wa Mwanjelwa, nimekuelewa: kompyuta ya steshenari yako ina Linux (mfumo endeshi, kama Windows), wateja wanatumia Wi-Fi hiyohiyo, na hujui huduma zipi zinasikiliza mtandaoni, yaani zimefungua mlango (port) zikisubiri mtu aunganishe. Fungua terminal, dirisha la kuandikia amri, uandike sudo ss -tulpn; itaorodhesha milango hiyo. Ukiacha sudo, neno linalokupa mamlaka ya msimamizi, majina ya programu nyingi hutayaona.

Tazama safu ya anwani (Local Address:Port); namba baada ya nukta mbili ndiyo mlango. 127.0.0.1:631 kwa kawaida ni huduma ya kuchapa, inaongea na mashine yenyewe tu, iache. Ila 0.0.0.0:3306, mara nyingi MySQL, programu ya hifadhidata, inasikiliza kila upande, hadi kwa kijana aliyepaki bodaboda nje. Mimi niliikuta hivyo dukani kwangu Iringa, jasho likanitoka na baridi ile ya Julai!

Usizime mlango 22, ule wa SSH, kama unautumia kuingia kwenye kompyuta hii ukiwa mbali, utajifungia nje. Ukiona programu ngeni inajirudisha kila ukiizima, chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi ya kompyuta hiyo, umwite fundi.